Luano na mzigo wako: mwongozo kamili wa abiria na wa mtuma freti, Lubumbashi

Mizigo mingi inayokwama Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, huwa imeharibikiwa kabla haijafika Luano. Jina lilikosewa siku bileti inanunuliwa, katoni ilifungwa bila kupimwa, au muuzaji wa Guangzhou aliandika "zawadi" kwenye fakture (ankara) ya pampu za maji ishirini. Mtu wa kaunta anakuja kuona tu kosa lililokwisha kufanyika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya nyumbani, na futi ya fundi nguo (utepe wa kupimia) itakusaidia kuliko mjomba anayemjua mtu doane, yaani forodha.

Luano iko kaskazini-mashariki mwa mji, inaendeshwa na Régie des Voies Aériennes (RVA), na ina njia moja ya kurukia yenye urefu wa mita 3,203. Kwenye bileti na kwenye lebo ya valizi inaandikwa FBM. Jina la FZQA ni la marubani, halikuhusu. Ukiona lebo ya valizi yako imeandikwa FIH nawe huendi Kinshasa, sema hapo hapo kaunta kabla mkanda haujaivuta.

Abiria na freti, yaani mzigo unaotumwa bila mwenyewe kusafiri nao, wana njia mbili tofauti. Freti haipokelewi kwenye kaunta ya abiria, na valizi iliyochelewa haitafutwi kwenye depo ya freti. Watu hupoteza asubuhi nzima wakizunguka upande usio wao.

Abiria: jina kwanza

Kosa la kwanza kwa wingi ni la majina yetu matatu. Sisi tuna nom (jina la ukoo), post-nom (jina linalofuata la ukoo) na prénom (jina la kwanza), lakini kompyuta ya kampuni ya ndege ina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la kwanza. Post-nom liende wapi? Usikisie, na usimwachie mtoto wa ajensi akisie. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, tazama ile mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Katika mstari wa juu, baada ya herufi COD, kila kilichoandikwa mpaka kwenye alama mbili zinazofuatana (<<) ni jina la ukoo, hata kama ni maneno mawili. Kinachofuata baada ya hizo mbili ni jina la kwanza. Andika bileti hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Herufi moja iliyokosewa huweza kusahihishwa. Ila nom na prénom vikibadilishana nafasi, au post-nom likiachwa kabisa, unaweza kuambiwa ununue bileti nyingine siku ya safari, kwa bei ya siku hiyo.

Jioni ya kuamkia safari, weka pamoja kwenye bahasha moja: pasipoti yenye uhai wa miezi sita kupita siku ya kurudi, viza pale inapohitajika, bileti iliyochapwa, anwani na simu ya unakokwenda, na karte ya manjano. Hii ya mwisho ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 kinahesabika cha maisha yote, kwa hiyo karte ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali. Lakini kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano, na anayechanja Jumatatu ili asafiri Jumatano atazuiwa. Mtoto asiyefikisha umri na asiyesafiri na wazazi wote wawili abebe kibali cha mzazi kilichothibitishwa, pamoja na cheti cha kuzaliwa. DGM, yaani idara ya uhamiaji, huuliza hiyo karatasi bila kujali mtoto anafanana nawe kiasi gani.

Halafu kuna Go-Pass. Ni ada ya kuendeleza viwanja vya ndege, na iko tangu 2009. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa za nje, nayo haikuwa sehemu ya bei ya bileti. Lipa kwenye njia rasmi tu, kwa bei iliyo wazi siku hiyo, na utunze kitansi (risiti) mpaka umekaa kwenye kiti. Ukilipa kwa noti, chagua dola safi: yenye mpasuko hata wa milimita mbili itarudishwa, na noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa.

Utakutana na vijana wanaojiita protokole, yaani wa kukupitisha kaunta kwa malipo. Wengine ni watu wa kazi kweli na wanamsaidia mama mzee asiyejua Kifaransa. Mkipatana, bei itajwe kabla, na pasipoti isiondoke machoni pako. Kwa mzee asiyeweza kutembea mbali, njia nzuri kuliko protokole ni kuomba kiti cha magurudumu wakati wa kununua bileti, angalau saa 48 kabla. Msaada huo haulipiwi. Bileti ikiandikwa WCHR maana yake mzee hawezi kutembea mbali lakini ngazi anapanda. WCHS ni wa asiyeweza kupanda ngazi. Tofauti hiyo ina uzito pale ambapo ndege hupandwa kwa ngazi kutoka chini.

Saa za bileti

Saa iliyo kwenye bileti ni ya mji ndege inakoondoka, na imeandikwa kwa saa 24. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na saa moja nyuma ya Nairobi na Addis Ababa. Ndugu wa Kinshasa akikwambia kwa simu kwamba bado kuna muda, muulize ni saa ngapi kwake. Na ukimtumia dereva ujumbe, andika 14:35, usiandike "saa mbili na nusu hivi": mwenye kuhesabu saa kama watu wa pwani atakuja usiku.

Safari za nje uwe mlangoni saa tatu kabla, za ndani saa mbili. Kaunta hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa imefungwa.

Valizi na betri

Kilo 23 kwa kipande ndicho kipimo cha kawaida cha safari za nje, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Kipande kimoja kikipita kilo 32 hakipokelewi kama valizi hata ukiwa tayari kulipa, kwa sababu kinainuliwa na mtu kwa mikono. Kinahamia freti au kinagawanywa vipande viwili. Pima nyumbani: simama kwenye mizani na valizi mkononi, kisha bila valizi, toa. Mizani ya chooni hukosea nusu kilo hadi kilo, kwa hiyo lenga 22.

Betri ndizo zinazofungulisha valizi za watu. Pawabenki na betri zote za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe ndani ya valizi ya chini. Kikomo ni wati-saa 100 bila ruhusa. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya kampuni na hubebi zaidi ya mbili. Juu ya 160 hazipandi na abiria. Hesabu yake ni rahisi: mAh gawa kwa 1,000, zidisha na volti. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Ile kubwa ya mAh 30,000 ni 111, inaomba ruhusa. Iliyofutika maandishi unanyang'anywa tu, kwa sababu hakuna wa kuthibitisha.

Jiwe la malakiti, lile la kijani la shaba, ndilo zawadi ya kwetu. Shanga, bakuli na wanyama waliochongwa, nunua kwa kitansi kinachosema ni sanaa. Jiwe bichi ambalo halijachongwa ni madini mbele ya sheria, na bila karatasi za huduma za madini usiliweke kwenye valizi. Pesa taslimu kuanzia dola 10,000 zitangaze.

Freti: futi kabla ya mizani

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na zinapotea kihalali. Ndege hujaa kwa njia mbili: kwa uzito na kwa nafasi. Kwa hiyo kampuni hupima vyote viwili na kukutoza kile kilicho kikubwa. Uzito wa nafasi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Kampuni za barua za haraka nyingi hugawa kwa 5,000, na hapo kilo zinaongezeka.

Chukua katoni ya finkubala (viwavi) wakavu anaotumiwa shangazi ng'ambo: sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Mizani inasema kilo 9. Futi inasema 120,000 gawa kwa 6,000, yaani kilo 20. Utalipia 20. Sasa chukua sanduku la sanamu za malakiti, 30 kwa 20 kwa 20: futi inasema kilo 2, mizani inasema 25, kwa kuwa malakiti ina uzito wa karibu mara nne ya maji. Hapa mizani imeshinda. Mjanja anaweka vyote viwili kwenye hati moja ya usafirishaji: jumla ya mizani ni kilo 34, jumla ya futi ni 22, analipia 34 badala ya 45. Uzito wa jiwe umelipia nafasi ya finkubala. Kampuni nyingi hukubali hesabu hiyo mradi vipande vyote viko kwenye hati moja na vinakwenda kwa mtu mmoja. Usiviweke tu katoni moja, jiwe litafanya finkubala kuwa unga.

Futi hupimwa kwenye sehemu iliyotokeza zaidi. Katoni iliyovimba tumboni kwa sentimita tatu inatozwa tumbo. Gunia ndilo baya kuliko vyote: linahesabiwa kama sanduku linaloweza kulimeza, pembe zote tupu zikiwemo. Uzito wa mwisho hupandishwa mpaka nusu kilo inayofuata.

Uliza bei kwa ngazi, usiulize "kilo ni ngapi". Kuna bei ya chini kabisa ya hati nzima, kuna bei ya chini ya kilo 45, kuna ya 45 na kuendelea, kisha 100, 300, 500. Tuseme chini ya 45 ni dola 5 na kuanzia 45 ni dola 4.20. Mwenye kilo 41 akilipa kama alivyo ni dola 205. Akiomba atozwe kama mwenye 45 ni dola 189. Ni halali, ila lazima uombe. Juu ya hapo kuna nyongeza za mafuta na za usalama, nazo huhesabiwa kwa kilo zile zile za kutozwa, kwa hiyo nafasi tupu ndani ya katoni unailipia mara tatu.

Kufunga

Katoni mpya yenye kuta mbili, ijae hadi juu. Ikibaki tupu juu, ya juu yake itaikanyaga na kuiponda. Skochi (utepe wa gundi) ipite kwenye mshono wa chini mara mbili na juu mara mbili, kwa umbo la H. Kuanzia Novemba hadi Machi, ndani ya katoni tanguliza mfuko mnene wa plastiki: mvua za hapa hazisubiri toroli litoke depo lifike kwenye ndege, na katoni iliyolowa inaachia chini yake pale pale tarmaki. Andika jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu isiyofutika pande mbili, na namba ya kipande: 1/3, 2/3, 3/3. Lebo za safari ya zamani zing'oe zote. Lebo ya zamani yenye msimbo wa kusoma kwa mashine imewahi kupeleka mizigo ya watu miji ambayo hawajawahi kuisikia.

Paleti ya mbao au kreti iwe na muhuri wa kuchomwa wenye herufi HT, maana yake mbao zilipashwa joto mpaka moyo wake ukafika nyuzi 56 kwa dakika 30 ili wadudu wafe. Bila muhuri huo nchi nyingi zitarudisha au kuchoma kreti, na gharama ni yako.

Kipande kirefu au kizito, uliza ndege kabla ya kukiunda. Ndege za abiria aina ya Boeing 737 hupakiwa kipande kwa kipande, mlango wa tumbo lake una kimo cha kama sentimita 85 na upana wa 120, na sakafu yake inabeba kilo 732 kwa mita ya mraba. Injini ndogo ya kilo 200 iliyokaa kwenye miguu minne ya chuma itatoboa hesabu hiyo, japo uzito wote unakubalika. Iweke juu ya ubao mpana: kilo 200 juu ya nusu mita ya mraba ni 400 kwa mita, inapita. Kinachozidi mlango kinasubiri ndege ya mizigo tu. Boeing 777 ya freti, kwa mfano, ina mlango wa juu wa mita 3.72 kwa 3.05.

Vinavyokataliwa, na sababu yake

Mji wa migodi hutuma vitu vya migodi, na hivyo ndivyo vyenye masharti. Jenereta, mashine ya kukata miti, pampu ya petroli: hata mpya kutoka dukani, kama kiwanda kiliijaribu ina harufu ya mafuta, na harufu ni hatari. Tanki limwagwe, likaushwe, na karatasi iandikwe kwamba limesafishwa. Kemikali za maabara huhitaji fishi (karatasi ya maelezo) ya usalama na tamko la bidhaa hatari lililosainiwa na mtu aliyesomea. Rangi za kupuliza, gesi za friji, sumaku kubwa, asidi ya betri vyote vimo humo. Betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafiri peke yake zimepigwa marufuku kama freti kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Husafiri kwa ndege ya mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, kwa sababu betri yenye chaji ndogo huwaka kwa shida zaidi.

Ukificha, mashine ya kuangalia itaona, na kinachosimamishwa ni hati yote pamoja na vipande vyako visivyo na hatia. Sampuli za mawe kwa ajili ya maabara za nje zina karatasi zake za huduma za madini. Anza kuzifuatilia wiki mbili kabla, kwani kaunta ya freti haizitoi. Pembe za ndovu na nyama ya porini, hakuna mazungumzo.

Dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 zisiletwe Ijumaa. Zilete siku ambayo ndege inaondoka siku hiyo hiyo, na kabla ya kuzileta uliza chumba baridi cha kila kituo cha njiani. Maiti husafiri kama freti pia: jeneza lenye zinki lililofungwa hewa isitoke, cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, kibali cha kusafirisha. Familia imteue mtu mmoja tu wa kushika karatasi hizo. Wakiwa watano, moja inapotea.

LTA na namba yake

Ukikubaliwa unapewa LTA, lettre de transport aérien, hati ya kusafirisha mzigo kwa ndege. Ina tarakimu 11: tatu za kampuni (071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways), kisha nane. Kabla hujatoka hapo, soma mambo manne kwa sauti: jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, idadi ya vipande, kilo, na maelezo ya bidhaa. "Vitu mbalimbali" si maelezo, na huko inakokwenda doane yao itafungua kila kitu.

Kuna jambo dogo linalookoa watu. Katika zile nane, tarakimu ya mwisho si ya bure: ni baki linalopatikana ukigawa zile saba za mwanzo kwa 7. Mfano 071-12345675: chukua 1234567, gawa kwa 7, linabaki 5, na mwisho wake ni 5, sawa. Baki la 7 haliwezi kuwa 7, 8 wala 9. Kwa hiyo muuzaji wa mtandaoni akikutumia LTA inayoishia na 8, ama amekosea kuandika ama hajatuma kitu. Usimalizie malipo.

Kama umenunua kwa groupage, yaani mizigo ya watu wengi kwenye LTA moja ya ajensi, utapewa namba ya ndani ya ajensi. Hiyo hutaiona kwenye ukurasa wa kampuni ya ndege. Omba namba ya LTA mama pia, ndiyo inayofuatika.

Ukifuatilia utaona herufi tatu tatu. RCS: mzigo umepokelewa na uko tayari kusafiri. MAN: umeandikwa kwenye orodha ya ndege. DEP: ndege imeondoka. RCF: umepokelewa kutoka kwenye ndege. NFD: mpokeaji amejulishwa. DLV: umekabidhiwa. Ukikaa BKD siku mbili bila RCS, nafasi imewekwa lakini mzigo haujapokelewa, kasoro iko kwenye karatasi au kipimo, mpigie aliyetuma. DEP bila RCF kwa siku tatu kwenye mji wa kubadilisha ndege, mpigie kampuni. DIS maana yake hesabu hailingani: vipande vinne vimeandikwa, vitatu vimeonekana. Hapo peleka maelezo ya katoni na picha yake siku hiyo hiyo, wakati bado iko kwenye depo fulani na watu wanakumbuka.

RCS imo lakini mzigo umebaki

Hili huwaudhi watu, na hawaambiwi sababu. Luano iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 32, ndege inakuta hewa kama ya mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,200. Bawa linabeba kidogo, injini inasukuma kidogo, na hata mita 3,203 za njia hazifuti hesabu hiyo. Rubani anatakiwa kupunguza uzito. Hawezi kupunguza mafuta, hashushi abiria wala valizi zao akiweza kuepuka. Kinachoshuka ni freti ya kawaida.

Kwa hiyo Septemba mpaka mvua zinapotulia, mzigo wenye haraka uombee ndege ya asubuhi au ya usiku, na usiutume siku ya kuamkia sikukuu, wakati kila abiria ana valizi mbili. Mzigo uliogawanywa katoni ndogo huenda nusu leo nusu kesho. Mzigo wa kipande kimoja kikubwa unabaki wote. Chagua kulingana na mpokeaji anavyoweza kuvumilia.

Kupokea

Bidhaa za biashara zianze benki: tamko la kuingiza bidhaa, modèle IB, hufunguliwa kabla mzigo haujapakiwa huko unakotoka. Anayekwenda kulifungua mzigo ukiwa Luano anajilipisha faini na siku za depo. Karatasi nyingine ni LTA, fakture ya biashara, orodha ya vipande na namba yako ya kodi. Kazi ya doane (DGDA) hufanywa na deklarant (wakala wa forodha) aliyesajiliwa, na ukaguzi wa ubora ni wa OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi. Deklarant apewe nakala ya kila kitu kwa simu siku ndege inaondoka kule, asingoje NFD. Siku za bure za depo ni chache na Jumapili haisimamishi saa.

Ushuru hauhesabiwi kwa bei ya dukani peke yake, nauli ya ndege na bima vimo. Vipuri vya dola 700, nauli 280, bima 20: msingi ni 1,000. Ushuru wa asilimia 10 ni dola 100. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16 ya 1,100, yaani 176. Jumla 276 kabla ya ada za depo, za OCC na za deklarant, karibu asilimia 40 ya ulichomlipa muuzaji. Viwango vya ushuru vya kawaida ni asilimia 5, 10 na 20, na kinachoamua ni namba ya bidhaa kwenye orodha ya doane. Mwambie deklarant akuandikie namba hiyo kabla hujanunua. Fakture iliyopunguzwa bei haisaidii: wanayo bei yao ya kulinganisha, na wakiikataa yako unalipia ya kwao pamoja na adhabu. Kila malipo na kitansi chake, na kiasi cha kitansi kisomwe kabla noti hazijaondoka mkononi.

Depo, hesabu vipande na upime kabla ya saini. Katoni iliyofunguliwa na kufungwa kwa skochi ya rangi nyingine, ipige picha ikiwa bado sakafuni kwao. Kisha kwenye karatasi ya kupokea, juu ya saini yako, andika kilichopo: "kipande 2/3 kimefunguliwa, kilo 11 badala ya 14.5". Ukisaini bila maneno hayo, umekiri kwamba ulipokea kizima.

Malalamiko hupelekwa kwa maandishi, na Mkataba wa Montreal wa 1999 una siku zake: valizi iliyoharibika siku 7 tangu kuipokea, freti iliyoharibika siku 14, valizi au freti iliyochelewa siku 21 tangu kukabidhiwa, kesi mahakamani ndani ya miaka 2. Tangu 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia ya freti ni SDR 26 kwa kilo, na SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Katoni ya kilo 15 iliyopotea ni SDR 390, kama dola 500 na kitu, hata kama ndani mlikuwa na simu za dola 6,000. Wa simu za dola 6,000 anatakiwa kutangaza thamani hiyo kwenye LTA wakati wa kutuma na kulipa nyongeza yake, au kukata bima nje. Sehemu ya kutangazia thamani iko kwenye hati yenyewe, na kwa kawaida hujazwa NVD, yaani hakuna thamani iliyotangazwa. Itazame kabla ya kusaini.